Jiwe la Kusagia Wimbi

Mama mkwe wangu aliingia Nairobi na jiwe. Wakwe wa wenzangu walishuka kwenye basi na kuku, ndizi na viazi vitamu. Wangu alishuka na kuku, ndiyo, lakini pia na jiwe la kusagia, kubwa na dogo lake, yamefungwa kwa lesso mbili. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa fundi katika karakana ya reli, alikodisha mkokoteni, na njia nzima alilalamika kwamba mtaani kwetu mashine za posho, za kusaga unga, zimejaa hadi zinagombania wateja. Tulipofika mama yake alilitua jiwe mlangoni, akalikalia, akaomba maji ya kunywa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tuliishi katika nyumba za safu huku Eastlands, mlango unatazamana na mlango, mfereji mmoja wa kuteka maji katikati ya uwanja na wanawake wote tumeuzunguka. Ukikaanga kitunguu, safu nzima inajua. Ukikosa cha kukaanga, inajua mapema zaidi.

Pamoja na jiwe, Mama alikuja na kibuyu cha mbegu. Alikitundika jikoni juu ya jiko la makaa na kunionya nisikiguse. Ndani mlikuwa na wimbi alilopewa na mama yake siku alipoolewa, maana yake mbegu ya mbegu ya mbegu ya lile wimbi, lililopandwa na kuvunwa na kubakishwa kila msimu bila kukatika. Aliniambia mahindi ni chakula cha mwaka huu tu, ukiyaweka hadi mwaka ujao fukusi wanakushukuru. Wimbi lilikaa kwenye ghala la babu yake hadi watoto waliozaliwa wakati wa mavuno wakaota meno ya pili, na siku njaa ilipobisha hodi likatolewa likiwa zima.

Nyuma ya nyumba zetu, baina ya ua na njia ya reli, palikuwa na kipande cha ardhi ambapo watu walimwaga majivu na maganda. Mama alikitazama wiki yake ya kwanza, akaniuliza ni cha nani. Nikamwambia ni cha takataka. Akachukua jembe. Mvua za Machi zilipokolea, mtama ulikuwa umesimama pembeni na wimbi limejaa katikati, kijani kibichi, na wazee waliotoka magharibi wakawa wanapita pale jioni bila sababu, wanasimama, wanakohoa, wanaenda zao. Najua walichokuwa wanakumbuka. Hata mimi nilikuwa nimesahau harufu ya wimbi lililolowa.

Sasa niseme kuhusu mama wa nyumba ya kona.

Alitoka upande ule ule tulikotoka, na kanisani tulikaa benchi moja. Mume wake alikuwa karani mjini, mtu wa tai na viatu vilivyong'aa, na yeye alikuwa ameamua kwamba tai ile ni yake pia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usafi ya mtaa. Nyumbani kwake ugali ulipikwa kwa unga wa gredi wani, na huo pia aliuchekecha tena. Alipoona sufuria yetu ya ugali mweusi wa wimbi mara ya kwanza alishika kifua.

"Mama," alimwambia mama mkwe wangu mbele ya wanawake pale mfereji, "hii ni ugali ama ni simiti?"

Wanawake walicheka. Mama alicheka nao, maana alikuwa mgeni na alidhani anataniwa kwa upendo. Mimi sikucheka. Nilimwambia mama wa kona kwamba simiti hujenga nyumba, na unga wake mweupe hujenga tu choo. Wanawake wakacheka zaidi, na hapo ndipo uadui ulipoanza rasmi.

Alikuwa na binti mmoja, mpole, aliyesoma shule ya bweni. Likizo moja msichana alirudi amekauka, midomo myeupe, akisimama muda mrefu anashika ukuta. Mama yake alimnunulia soda na mkate. Mama mkwe wangu alimtazama kutoka kwenye jiwe lake, akamwita, akampa kikombe cha uji wa wimbi uliochachushwa kidogo, mzito. Hakuuliza ruhusa ya mtu. Likizo nzima mtoto alikuwa wetu: asubuhi uji, mchana ugali wa wimbi na mrenda. Alirudi shuleni na mashavu. Ningedhani mama aliyemzaa angekuja na asante, hata ya uongo.

Badala yake, likizo iliyofuata, mama wa kona alikuwa na wageni, wakubwa wa kazini kwa mume wake na wake zao. Aliwaandalia wali, kuku na ugali mweupe pe pe pe. Mmoja wa wageni akamwambia msichana, kwa kumpenda tu, kwamba amenenepa vizuri, mama yake lazima anapika sana. Msichana, kwa vile hakuwa amefundishwa unafiki bado, akasema, "Si mama. Ni nyanya wa hapo mbele. Ugali yake ya wimbi inashinda ya kwetu."

Habari hiyo niliipata pale mfereji kabla wageni hawajamaliza chai. Nilicheka hadi ndoo ikamwagika. Laiti ningejua, ningenyamaza, lakini nani angenyamaza?

Wiki mbili hazikupita. Ilisemekana mtu ameporwa mkoba karibu na reli na mwizi akajificha kwenye mtama. Kamati ya usafi ikakaa. Asubuhi moja, mume wangu akiwa kazini na Mama akiwa kanisani kwenye maombi ya wanawake, vijana wa kamati walikuja na mapanga wakafyeka. Mtama walioudai unaficha wezi waliuangusha, sawa. Lakini waliendelea. Walifyeka wimbi pia, ambalo halimfichi hata kuku, na lilikuwa limetoa masuke yenye maziwa, bado kama majuma matatu hivi likomae. Mwenyekiti alisimama kando na mwavuli akiwaelekeza. Nilimwita. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Aligeuka akaniambia, "Usafi ni wa kila mtu, jirani."

Mama alirudi akakuta pamelala chini. Alivua lesso aliyojifunga, akaitandika, akaanza kuokota suke moja moja. Nami nikainama nikaokota naye hadi jua lilipozama. Tuliyaanika masuke yale kwenye bati, tukayalinda dhidi ya ndege, tukiomba. Yalisinyaa. Tulipoyapura hapakuwa na punje, palikuwa na makapi. Mama alishika makapi yale kiganjani, akayapuliza, akaingia ndani.

Alirudi nyumbani mwezi uliofuata. Kibuyu aliniachia mimi, kikiwa na mbegu aliyobakisha chini, maana mtu wa wimbi hapandi yote. Jiwe nalo aliliacha. "Wewe unajua mahali pake," aliniambia. Hakurudi tena. Alizikwa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Sisemi kwamba kufyekwa kwa wimbi kulimuua. Sisemi pia kwamba hakukumuua.

Pale kaburini watu waliimba na kulia, nami nililia, lakini huku nalia nilikuwa nahesabu mambo na mtu mmoja kichwani. Mchungaji alihubiri juu ya kusamehe. Nilimsikiliza kwa adabu. Kisha nikarudi Nairobi nikapanda.

Nilipanda wimbi peke yake, bila mtama. Nilitaka kuona kama kamati itakuja kusema wezi wanajificha kwenye kitu kinachoishia magotini. Hawakuja. Nadhani pia baadhi ya vijana wale walikuwa wameona haya, maana mama zao walikuwa wametoka kule kule. Mwenyekiti alipita na mwavuli wake, akatazama, akapita. Nikavuna. Mwaka ule unga wa mahindi ulipoadimika madukani na watu wakapanga foleni tangu alfajiri kwa pakiti ambayo huenda isifike kwao, mimi nilikuwa nakaa mlangoni, mguu juu ya mguu, nasaga. Nilisaga polepole, na nilihakikisha jiwe linasikika hadi kona. Wanawake wengine walipokuja niliwagawia, kikombe kikombe. Mmoja aliyekuwa ananyonyesha maziwa yalimrudi, na mwingine akasema watoto wake sasa wanalala hadi asubuhi bila kudai kitu. Mama wa kona hakuja. Kiburi chake kilikuwa bado kina akiba.

Nikangoja. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mimi nilijua uzazi upo. Yule binti alikuwa anakua.

Alipomaliza shule akapata kazi ya ukarani, akapata na mchumba, kijana mwema kutoka kwetu magharibi, familia ya watu wa kanisa na mila kwa pamoja. Siku ikapangwa Jumamosi ya watu wa kijana kuja kuonana na wazazi. Safu nzima ilijua. Mbuzi alitoka machinjioni Kiamaiko akiwa tayari amechinjwa. Viti viliazimwa hadi safu ya tatu. Wanawake wote waliitwa kusaidia kupika isipokuwa mimi. Basi nilikaa mlangoni kwangu napepeta wimbi, nikatazama.

Wageni walifika kabla ya saa sita, wazee na akina mama, na mbele yao shangazi wa kijana, mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa kichwani, ambaye ukimwona mara moja unajua kwamba wanaume watazungumza na yeye ataamua. Chai ikanywewa. Maombi yakaombwa. Kisha chakula kikaingia, nami nikaona sahani zikipita mlangoni: wali, chapati, mbuzi, kuku, na ugali mweupe unaotoa mvuke, umepangwa kama keki. Nikaweka ungo chini. Nikajiambia, Mungu wangu, huyu mwanamke amesahau kweli kweli.

Kwetu mkwe anayekuja mara ya kwanza hupewa kuku na ugali wa wimbi. Unaweza kumpa ng'ombe mzima, ukamwekea na wali wa nazi. Bila ugali mweusi hajala. Na mkwe ambaye hajala hafungui mdomo kuzungumza jambo lililomleta. Hatagombana. Atashukuru, atachukua kofia yake, atakwenda, na hutamwona tena. Kila mtoto wa kwetu hujua hivyo. Mama wa kona alijua pia, zamani, kabla ya tai.

Haukupita muda binti alinijia mbio, amevaa nguo nzuri, macho yamejaa.

"Anti, wamekataa chakula."

"Wamesema nini?"

"Shangazi yake amefunua ugali, akaangalia, akafunika tena. Amesema asante kwa chai, chakula kikiwa tayari wataitwa." Akafuta pua kwa mkono. "Wote wameketi tu. Hakuna anayeongea. Anti, wakienda hawatarudi. Nisaidie tafadhali."

Nilimpenda mtoto yule. Nilimpenda tangu siku aliposhika ukuta. Lakini nikimtazama niliona pia mwavuli, na Mama akipuliza makapi kiganjani.

"Mama yako ako wapi?"

"Ako jikoni. Analia."

"Mwambie aje mwenyewe."

Alikuja. Alikuwa amevaa kitenge kipya chenye mabega ya kupanda, nywele zimetiwa mafuta ya kalikiti zinang'aa, viatu vya kisigino vinazama kwenye matope ya mfereji. Wanawake wote walikuwa wametoka nje, kila mmoja amekumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua.

"Jirani, hujambo."

"Sijambo. Naona una wageni."

"Nisaidie na unga. Ile ya wimbi."

"Unga sina," nikasema, na haukuwa uongo. Mimi husaga ninapopika, na siku hiyo stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, mashine za posho zote kimya. "Wimbi ninalo. Na jiwe ndilo hilo."

Alilitazama jiwe. Nikaona anajua linatumikaje. Magoti yake yalijua.

"Si unisagie tu, mama? Tafadhali. Wageni wamekaa."

"Ningekusagia," nikamwambia, "lakini mgongo. Tangu siku ile ya kuokota masuke kando ya reli, haujakaa sawa."

Mgongo wangu haukuwa na shida yoyote. Hata leo naweza kubeba gunia.

Alisimama pale. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba sikuwa nimesahau hata siku moja, hata tulipokaa benchi moja kanisani tukaimba. Nililivuta jiwe likatoka nje kabisa, katikati ya uwanja. Nilimwambia ndani hakuna mwanga wa kutosha. Saa sita mchana! Nikamtandikia gunia, akapiga magoti, nikamwagia punje kidogo kwa kiganja, kama Mama alivyonifundisha.

Alisaga. Mara ya kwanza punje zilimkimbia zikaruka matopeni, na nikamwambia aziokote. Akaziokota. Unga ulipotoka nikaushika nikausugua kwa vidole. "Bado ni mchanga huu. Rudia." Akarudia. Jasho lilimtoka, kalikiti ikamchuruzikia shingoni, kitenge kikawa na vumbi la wimbi hadi kwenye yale mabega. Binti yake aliinama kumpokea nikamzuia. "Wewe ni bibi arusi. Leo hushiki jiwe." Na nitasema ukweli wangu: kila jiwe lilipokwaruza nilisikia raha. Ilinianzia miguuni ikapanda. Nilitamani Mama angekuwepo, aketi pale mlangoni na kikombe chake cha maji.

Kisha shangazi wa kijana akatoka nje, nafikiri kutafuta choo.

Akasimama. Alimwona mama wa bibi arusi, mama wa Nairobi, mke wa karani, kapiga magoti uwanjani, anawasagia wakwe wimbi kwa mikono yake. Akaweka kiganja mdomoni na akapiga vigelegele vilivyowatoa wageni wote nje.

"Tuliambiwa huyu ni wa mjini!" alipaza sauti. "Tuliambiwa hajui kitu! Njoni mwone mkwe wetu!"

Akapiga magoti kando yake, akachota unga akaulamba, akafumba macho. Akapokea jiwe dogo akasaga kidogo, akarudisha, wakapokezana, huku akina mama wengine wakiimba wimbo wa kusagia ambao sikuwa nimeusikia tangu utoto. Mimi nilisimama na ungo wangu. Nilikuwa nimemwandalia fedheha kwa miaka na sasa watu wanamvika taji mbele yangu, juu ya jiwe langu. Nilikasirika nusura nilie.

Ugali niliusonga mimi, maana mikono yake ilikuwa imetoka malengelenge na wimbi halitaki mwiko wa wasiwasi. Niliupeleka mwenyewe ndani, nikashika na jagi nikawanawisha wageni mikono. Walikula. Walikula kimya, jinsi watu wanavyokula wanapofika nyumbani. Mzee mmoja alimega tonge, akalinusa kabla ya kulitia mdomoni. Walipokaribia kumaliza, shangazi akauliza, "Wimbi hili mmelitoa wapi? La sokoni halina harufu hii."

Mama wa kona alitazama meza.

"Tunalima," akasema. "Hapo nyuma, kando ya reli."

"Nani analima?"

"Mimi."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha shangazi, jagi mkononi. Binti alinitazama. Mama yake hakuthubutu. Neno lilikuwa limefika kwenye meno yangu, sentensi moja tu, fupi: huyu ndiye aliyelifyeka. Ningelisema, sherehe ingeishia pale. Mtu anayefyeka wimbi lenye masuke huwezi kuchukua mtoto wake ukalala usingizi. Alikuwa amemnyang'anya Mama shamba mara ya kwanza kwa mapanga, na sasa anamnyang'anya mara ya pili kwa mdomo, na mdomo wangu ulikuwa wazi.

Lakini angeumia nani? Msichana aliyekunywa uji wetu. Mama angenifufukia.

Ndipo nikaona njia nyingine, na ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

"Ni mkulima huyu," nikawaambia wageni. "Mtaa mzima unajua. Hasa kupalilia, hakuna anayemshinda."

Shangazi akapiga makofi. "Basi tutakuja kuvuna naye! Kwetu mbegu ilipotea, watu wote wamepanda miwa, sasa wananunua hata unga. Mkwe, utatupa mbegu."

"Atawapa," nikasema. "Mje kila mavuno. Hii si ya mara moja."

Mama wa kona aliinua macho akaniona natabasamu. Akaelewa.

Mazungumzo yalikwenda vizuri, binti akaolewa. Na Jumatatu baada ya mvua kuanza nilibisha mlango wa nyumba ya kona, majembe mawili begani.

"Wakwe zako wanakuja kuvuna," nikasema. "Twende."

Asiyewahi kupalilia wimbi hajui adhabu. Mahindi unayapalilia umesimama. Wimbi unaliinamia, unalichutamia, unatambaa. Na lina ndugu yake wa mwituni, kwekwe iliyofanana nalo kila kitu, jani kwa jani, hadi ulishike shina ulisugue kwa kidole ndipo ujue ni ipi. Ukikosea unang'oa chakula unabakisha majani. Nilimweka katika kile kipande alichosimama na mwavuli siku ile. Nilitembea nyuma yake. Msimu wa kwanza alilia kwa mgongo, wa kweli, si kama wangu. Alisema anaugua, nikamwambia shangazi atasikitika kusikia, nitampelekea salamu kwa basi la kesho. Akatoka kitandani.

Wakwe walikuja mavuno yale na yaliyofuata. Walimsifu. Alijifunza kucheka wakimsifu bila kunitazama. Mbegu ilienda magharibi, na barua zikaja kwamba imeshika huko, kwamba shangazi ameigawa kwa nyumba nyingi. Binti alipozaa, uji uliokuwa kitandani kwake ulikuwa wa wimbi letu. Sikuyapanga hayo yote. Nilipanga tu mgongo wa mtu mmoja uume.

Mwishoni mwa miaka ile ofisi nyingi zilipunguza wafanyakazi, na karani akarudi nyumbani na tai yake kwenye bahasha. Mume wangu naye alirudi kutoka karakana. Nyumba zote mbili zikawa zinakula kutoka kile kipande cha kando ya reli. Mama wa kona aliacha kuhitaji kubishiwa mlango. Wakati mwingine nilimkuta ameshafika, ameshachutama, mwavuli umefungwa kando, anapalilia kabla jua halijawa kali. Hatukuongea sana. Nilikuwa sitaki.

Asubuhi moja, mche ukiwa bado mchanga, alisimamisha mikono. Hakugeuka.

"Mama," akasema, "mimi nimelima hapa miaka. Nimepiga magoti mbele ya watu. Nimeuzeesha mgongo kwa ajili ya yule mama mkwe wako ambaye sikumwomba msamaha akiwa hai. Wewe umenisamehe ama bado?"

Nilitazama mkono wake. Kwa vile mawazo yake hayakuwa kazini, alikuwa ameng'oa mche na kuushika baina ya vidole, mizizi inaning'inia na udongo.

"Hilo uliloshika ni wimbi," nikamwambia. "Rudisha."

Alilitazama, akaona ni kweli. Akachimba kwa kidole akalirudisha ardhini, akalishindilia pande zote, akalimwagia maji ya kunywa aliyokuja nayo. Sikumwambia kwamba wimbi changa likipandikizwa hushika, kwamba Mama alikuwa akijazia mapengo hivyo hivyo. Nilimwacha adhani ameliua, nikaenda kupalilia mstari wangu.